Mwalimu na Amana ya Watu

Kila ninapohudhuria semina ya walimu wa Kiswahili, hutokea mwenzangu akaniuliza: "Hivi wewe hasa ni nani? Ni mwalimu wa lugha, ni fundi wa kompyuta, au ni katibu wa chama cha wakulima?" Swali hili huulizwa kwa utani, lakini ndani yake mna onyo, maana wahenga walikwisha kutuambia kwamba mshika mbili moja humponyoka. Ikiwa mshika mbili hupatwa na hayo, mshika tatu atasalimika vipi?

Kwa muda mrefu nilikuwa nikicheka tu na kunyamaza. Leo napenda kujibu. Sitajibu kwa kujisifu, kwa sababu kazi hizo tatu sikuziunganisha kwa hekima yangu. Ziliunganishwa na kosa nililolifanya mwenyewe, ambalo mpaka leo sijui gharama yake kamili. Naliandika hapa kwa matumaini kwamba mwalimu mwenzangu aliye mahali kama pangu atajiangalia mapema kuliko nilivyojiangalia mimi.

Muganza, ninakofundisha, ni sekta ya Wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi kabisa mwa Rwanda. Wazee wetu bado huliita eneo hili Cyangugu, jina la mkoa wa zamani uliofutwa katika mabadiliko ya utawala ya 2006. Mtu akitoka Kamembe, barabara humshusha kutoka vilima vyenye baridi hadi bonde la Bugarama, mahali penye joto ambapo watu hulima mpunga, na ambapo kiwanda cha saruji cha CIMERWA kimekuwa kikifanya kazi tangu miaka ya 1980. Ng'ambo ya mto Rusizi ni Kamanyola, nchi ya Kongo; ng'ambo ya mto Ruhwa ni Burundi. Kwa miaka mingi magari yatokayo Bukavu kwenda Uvira yamekuwa yakipita kwetu, yakikwepa milima mibaya ya upande wao, kisha yakirudi Kongo hapo Kamanyola. Kwa hiyo kwetu Kiswahili hakikuletwa na vitabu vya shule. Kililetwa na soko, na magari, na magunia ya mchele.

Hata hivyo lugha hii ilikuwa na sifa mbaya. Iliingia Rwanda zama za Wajerumani pamoja na askari, wafanyabiashara na watumishi, ikakaa katika vitongoji vya miji na katika masoko. Katika Kinyarwanda cha mitaani, kumwita mtu "umuswahili" hakukuwa kuitaja lugha yake tu. Kulikuwa ni kusema kwamba ni mjanja, mtu wa maneno mengi, asiyeaminika. Bunge lilipokipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Februari 2017, miaka kumi baada ya nchi yetu kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, heshima yake ilipanda. Lakini sheria hupitishwa kwa siku moja, na neno la mtaani huchukua kizazi kizima kufa. Naomba msomaji alikumbuke neno hilo, kwa kuwa litarudi.

Nilianza kufundisha hapa 2010. Mwaka huohuo huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza nchini. Na miwili kabla yake, serikali ilikuwa imeanzisha mpango wa kuwapa wanafunzi wa shule za msingi kompyuta ndogo. Mnamo 2015 likaja jukwaa la Irembo, ambalo kwalo raia huomba vyeti na vibali vya serikali kwa njia ya mtandao. Irembo katika Kinyarwanda ni lango la ua, pale mgeni anaposimama kabla ya kukaribishwa nyumbani. Ni jina zuri. Lakini kwa mtu asiyejua kusoma lango hilo lilikuwa limefungwa, na ufunguo ulikuwa mkononi mwa mtu mwingine.

Mtu huyo nikawa mimi. Nilikuwa na kompyuta, nilikuwa na uvumilivu, na nilikuwa naijua lugha ya wateja wa Kamanyola. Alasiri, wanafunzi wakishaondoka, akina mama wa mashamba ya mpunga walikaa kwenye benchi nje ya darasa langu wakinisubiri. Mmoja alitaka cheti cha kuzaliwa cha mtoto, mwingine alitaka kujua kama fedha zake zimeingia, wa tatu alitaka kumwandikia ujumbe mnunuzi wa ng'ambo. "Mwalimu, tubonyezee," walisema. Nami nilibonyeza. Sikudai faranga hata moja, na moyoni nilijiona mtu mwema.

Mwenye kubonyezea watu wengi hapana budi akumbuke mengi. Nikanunua daftari la kurasa 96, lile la mistari ya mraba tunalotumia kwa hesabu. Upande wa kushoto niliandika jina. Katikati namba ya kitambulisho cha taifa, zile tarakimu 16 ambazo ndani yake umo hata mwaka wa kuzaliwa. Na upande wa kulia namba ya siri ya fedha za simu. Nililipanga daftari lile kwa alfabeti, kwa hati safi, kama tulivyofundishwa chuoni. Mtu akija, nilitafuta jina lake kwa kidole, nikamaliza shughuli yake kwa dakika mbili. Waswahili husema siri ya mtungi aijuaye kata. Mimi nilikuwa kata iliyoingia katika mitungi ya kijiji kizima, wala sikuona ajabu.

Siku moja ya 2016, muhula wa pili, daftari halikuonekana. Nilitafuta kabatini, mezani, chini ya godoro, hata katika chungu cha mkaa. Usiku ule sikulala, na wa pili nikalala nusu saa. Asubuhi ya siku ya tatu mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha pili aliniletea. Lilikuwa limechanganyika na madaftari ya insha niliyowarudishia, naye akalipeleka nyumbani. Alikuwa amelifunika vizuri kwa gazeti, kwa heshima. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwalimu, nimeona humu namba ya siri ya bibi yangu."

Nilimshukuru, nikalifungia daftari sandukuni, nikadhani mambo yamekwisha. Wiki tatu baadaye, mama mmoja mjane, mkulima wa mpunga, alikwenda kwa wakala kutoa fedha zake za mavuno akaambiwa hazimo. Faranga 42,000 zilikuwa zimetolewa. Zilikuwa fedha za mbolea ya msimu uliofuata na za sare za watoto wawili.

Nani alizichukua? Hatukujua siku ile, na hatujui leo. Yamkini alikuwa jamaa yake aliyemwona akitaja namba mbele ya watu, kwa kuwa namba za siri zilitajwa kwa sauti kubwa pale bencini kama bei ya nyanya. Yamkini alikuwa mtu wa simu aliyemdanganya. Na yamkini mtu fulani aliliona daftari langu katika zile siku tatu. Mjane mwenyewe hakunishtaki. Lakini sokoni nilisikia neno lile la zamani likipita nyuma ya mgongo wangu: umuswahili. Nililia kwa hasira, kisha hasira ikapungua, nikabaki na jambo moja lisilopungua. Sikuwa nimeiba, lakini ningetumia nini kuthibitisha? Siri ya kila mtu ilikuwa kwangu, kwa hati yangu mwenyewe. Aliyekusanya funguo zote za mtaa hana neno la kujitetea nyumba moja ikivunjwa.

Ndipo nilipokumbuka daftari jingine.

Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi katika miaka ya 1980. Shule yenyewe sitaitaja. Siku moja mwanzoni mwa mwaka mwalimu alifungua daftari lake, akatuamuru tusimame kwa makabila: Wahutu wasimame awahesabu, kisha Watutsi, kisha Watwa. Mimi sikujua nisimame na nani. Nikasimama na mwenzangu wa deski moja, kwa kuwa tulikuwa tukila pamoja. Darasa likacheka. Mwalimu akanituma nyumbani nikamwulize baba, nami nikarudi na jibu, akaliandika kwa wino katika safu yake. Hakuwa mtu katili. Alitufundisha kusoma, na alitupenda kwa namna yake. Alikuwa anajaza fomu.

Safu ile haikuanza naye. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji ulianza kuandika kabila la kila mtu mzima katika kitambulisho chake. Uhuru ulikuja 1962, na safu ikabaki. Makarani waliijaza miaka nenda miaka rudi, bila shaka wengi wao wakidhani ni kazi ya kawaida kama kuandika tarehe. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kwenye vizuizi vya barabarani mtu aliulizwa kitambulisho, na neno moja katika kikaratasi likaamua kama atapita au atauawa. Baada ya mauaji hayo neno hilo likaondolewa katika vitambulisho. Lakini waliokufa kwa ajili yake hawakurudi.

Sisemi kwamba daftari langu la namba za simu lilikuwa sawa na hayo. La hasha, kulinganisha hivyo ni kuwakosea waliokufa. Nasema tu kwamba nilimwelewa yule mwalimu wangu wa zamani kwa mara ya kwanza. Yeye na mimi tulikuwa na hati safi na nia isiyo mbaya, na wote wawili hatukujiuliza swali moja: nani atayasoma maandishi haya siku ambayo mimi sipo? Maandishi hayafi pamoja na nia ya aliyeyaandika. Nia hubaki moyoni mwa mwandishi. Maandishi huenda kwa yeyote atakayeyashika.

Nilikwenda kwa mjane nikiwa na bahasha ya nusu ya fedha zake, nikamwahidi nusu nyingine mwisho wa mwezi. Alikuwa akianika mpunga. Hakuipokea.

"Mwalimu," aliniambia, "mimi sikukuhesabu miongoni mwa wezi. Lakini ukinilipa, watu watasema umerudisha ulichoiba. Nawe utakuwa umenilipa, na mimi bado nitakuwa kipofu."

"Basi nikufanyie nini, mama?"

"Nifundishe kubonyeza mwenyewe."

Ndugu msomaji, nimesoma vitabu kadhaa vya ualimu, na sijakuta ndani yake neno lililonifundisha kuliko hilo. Kwa miaka sita nilikuwa nikiwahudumia watu hawa, na katika miaka hiyo yote sikuwa nimewafundisha. Wema wangu ulikuwa umewafanya wanitegemee, nami nilikuwa nimeupenda utegemezi huo kwa sababu ulinipa heshima.

Akina mama wale walikuwa na chama chao cha kuweka na kukopa, ambacho kwetu huitwa ikimina. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, niliomba kusema katika mkutano wao. Nikalitoa daftari, nikalifungua mbele yao, nikaeleza yaliyomo, jinsi lilivyopotea, na kwamba sikuwaambia. Kulikuwa na kelele. Mwenyekiti alipozituliza, walishauriana, wakanitoza faini ya faranga 5,000 iingie katika mfuko wa dharura, kwa kosa la kuweka vibaya siri za watu. Nikalipa palepale. Faini ile iliniponya kuliko msamaha, maana msamaha humwacha mtu nje, bali faini hutozwa mwanachama.

Kisha kila mmoja akatoa simu yake. Wanafunzi wangu wanne waliwaelekeza kwa maneno, mikono nyuma, bila kugusa simu ya mtu: nyota, moja, nane, mbili, alama ya reli. Aliyejua kusoma aliwasomea wengine maagizo. Kila mama alijifunika kwa kitenge chake akachagua namba mpya. Shughuli ile, ambayo ningeimaliza peke yangu kwa saa moja, ilichukua alasiri nzima. Jioni tukalichoma daftari katika jiko la mwenyekiti. Ngozi yake ya juu ilikataa kuungua, tukaisukuma kwa kijiti.

Tangu hapo Jumamosi ikawa siku ya darasa. Nilidhani nitawafundisha kutumia simu. Kumbe simu ilikuwa kisingizio cha kufundisha lugha. Wenye kuuza mchele Kamanyola walitaka Kiswahili cha kuandika, si cha kusema tu, na ujumbe wa biashara ukawa zoezi letu la kwanza la insha. Tuliandika bei, tukaandika masharti, tukaandika malalamiko ya heshima. Asiyejua kusoma alianza kwa tarakimu, kwa kuwa tarakimu alikuwa amekwisha kuzizoea katika noti.

Lililonishangaza zaidi ni jinsi maneno yenyewe yalivyofanya kazi. Kinyarwanda husema "umubare w'ibanga", namba ya siri, na kutoa siri ni "kumena ibanga", yaani kuimwaga, kama mtu amwagavyo maji. Mama mmoja akasema hapohapo kwamba ndiyo maana Waswahili wana methali ya maji yakimwagika hayazoleki. Tukaendelea. Tukatofautisha siri na faragha: siri ni jambo unalolificha, faragha ni mahali pako pa kuwa peke yako hata kama huna la kuficha. Mtu hufunga mlango aogapo, wala haogi kwa kificho. Wanafunzi waliokuwa wakidai kwamba asiye na kosa hana haja ya faragha walinyamaza waliposikia mfano huo.

Kisha tukafika kwenye neno amana. Amana si zawadi. Aliyepewa amana hakumilikishwa. Ameazimwa uaminifu, na siku ya kudaiwa ni lazima airudishe jinsi ilivyokuwa. Niliwaambia kwamba taarifa za mtu, ziwe jina, namba, picha au ugonjwa wake, zikiwa mikononi mwetu ni amana. Naamini lugha yetu imetuwekea tayari msingi wa maadili ya teknolojia, na mwalimu wa Kiswahili hahitaji kuagiza falsafa kutoka mbali ili aanze kufundisha. Aanze na neno hili. Wenye mapenzi na istilahi wanaweza kubishana kama chombo kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Mimi sina ugomvi na jina lolote, mradi mwanafunzi ajue kwamba kilichomo ndani yake ni amana ya mtu.

Mafunzo haya yalijaribiwa. Mwaka 2022 alinijia kijana mmoja nadhifu, mjumbe wa kampuni ya kukopesha kwa simu. Alitaka niandikishe wanakijiji katika programu yao, na kwa kila kichwa ningelipwa. "Wewe wanakuamini," alisema, kama mtu asifuye ng'ombe kabla ya kumnunua. Nilihesabu usiku ule. Zingetosha karo ya mwanangu kwa mwaka. Lakini masharti yalisema kwamba programu itasoma majina yote yaliyomo katika simu ya mkopaji, ili akichelewa kulipa jamaa zake wapigiwe. Nilimwalika kijana Jumamosi ayaeleze masharti mbele ya wanachama, nami nitafsiri. Mjane wetu aliuliza swali moja tu: "Dada yangu, ambaye hakukopa, jina lake umelipata kwa ruhusa ya nani?" Kijana alisema ataleta jibu. Hakurudi. Karo niliikopa katika ikimina.

Mwaka uliofuata tulipata mfano mkubwa zaidi kutoka kwa majirani zetu. Jijini Nairobi maelfu ya watu walipanga foleni ili mashine ya kampuni ya Worldcoin ipige picha mboni za macho yao, wapewe sarafu za kidijitali zenye thamani ya shilingi 7,000 hivi. Serikali ya Kenya ilisimamisha shughuli hiyo Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru kwamba taarifa zilizokusanywa zifutwe. Wanafunzi wangu walifanya mdahalo: je, jicho la mtu huuzwa? Upande uliotetea foleni ulishinda kwa kura mbili. Walisema mwenye njaa ana haki ya kuuza kilicho chake. Sikuwapinga kwa mamlaka ya ualimu; niliwapa kazi ya kuandika barua kwa mtoto wa huyo muuzaji, ambaye hakuulizwa. Barua zile ni miongoni mwa insha bora nilizopata kusahihisha.

Walimu wenzangu huenda wakasema kwamba mambo haya ni ya wanasheria. Ni kweli kwamba sheria ipo. Rwanda ilitunga Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 juu ya kulinda data binafsi na faragha, na kwa mtoto aliye chini ya miaka 16 ridhaa hutolewa na mzazi au mlezi. Lakini sheria hiyo inatugusa sisi kabla ya kumgusa mwanasheria. Ni nani apigaye picha za watoto siku ya mashindano ya mashairi na kuzisambaza usiku huohuo? Ni nani abandikaye matokeo ukutani, jina la wa mwisho likisomwa na kila mpita njia? Ni sisi. Mimi sasa huomba ridhaa za wazazi mwanzoni mwa mwaka, kwa karatasi iliyoandikwa Kinyarwanda na Kiswahili. Kazi hiyo inachosha, na kila mwaka wako wazazi wawili au watatu wanaokataa. Kukataa kwao ndiko kunakonihakikishia kwamba wengine waliokubali walielewa.

Hivi karibuni limezuka jambo jipya, nalo ni mashine zinazoandika insha. Mwanafunzi mmoja aliniletea insha juu ya ugomvi wa shamba katika ukoo wake. Kiswahili kilikuwa sanifu mno, nikajua si chake. Lakini majina ya baba zake wadogo, mipaka ya shamba na ugonjwa wa babu vilikuwa vya kweli. Nikamwuliza, "Habari hizi za nyumbani umemwambia nani?" Akajibu kwa unyofu, "Sijamwambia mtu, mwalimu. Nimeiambia simu."

Jibu lake lilinikumbusha Joseph Weizenbaum, aliyezaliwa Berlin 1923, akakimbia Ujerumani ya Wanazi pamoja na wazazi wake 1936, na hatimaye akawa profesa wa kompyuta katika chuo cha MIT huko Marekani. Mnamo 1966 alichapisha maelezo ya programu yake iliyoitwa ELIZA, ambayo ilimjibu mtu kwa kumrudishia maneno yake mwenyewe, kama afanyavyo tabibu wa nafsi. Katibu wake alikuwa amemwona akiitengeneza kwa miezi mingi. Hata hivyo, alipokaa mbele yake, alimwomba profesa atoke chumbani ili azungumze na mashine faraghani. Weizenbaum alishtuka. Miaka kumi baadaye akaandika kitabu kueleza kwamba yako mambo ambayo mashine haifai kuachiwa, hata kama inaweza kuyafanya. Alikuwa fundi, alikuwa mwalimu, na alikuwa mtu aliyeishi kwa dhamiri mbele ya jamii yake. Sidhani kama aliziona hizo kuwa kazi tatu.

Nami sizioni hivyo tena. Nikifundisha Kiswahili bila kuwafundisha watu kulinda walichokiandika, ninawapa kalamu nisiwape sanduku. Nikifundisha kompyuta bila lugha wanayoielewa, ninawafanya wanitegemee. Na nikifanya yote mawili bila ya kuwa mwanachama wa kutozwa faini pamoja nao, hakuna atakayeniambia siku nitakapopotoka. Kumbe nilichoshika ni kitu kimoja, nacho ni amana. Vidole ndivyo vitatu.

Yule mjane sasa ni mweka hazina wa chama. Mwezi uliopita tulikuwa pamoja kwa wakala wa fedha, akapaswa kuingiza namba yake. Nilikuwa nimesimama karibu. Alinitazama, akanigeuzia mgongo, akajifunika simu kwa kitenge, akabonyeza. Alipomaliza akasema, "Samahani, mwalimu." Nikamwambia asiombe samahani. Katika miaka yangu yote ya ualimu sijapewa cheti kinachokaribia mgongo ule.

Basi wenzangu, sitawaomba mshike mambo matatu, wala sitawaomba mnunue vyombo. Nawaomba jambo dogo: mkifika nyumbani jioni hii, fungueni makabati yenu, na simu zenu, mtazame mnachokiweka juu ya watoto na majirani zenu. Mtakuta majina, alama, picha na siri. Kwa kila kimoja ulizeni ni nani atakayekisoma siku ambayo ninyi hampo. Ambacho hamna jibu lake, kirudisheni kwa mwenyewe. Na kisichorudishika, jiko mnalo.